Wimbo Uliotekwa na Kifaa

Mwezi Oktoba 2015 Amazon iliwaarifu wafanyabiashara wa soko lake la mtandaoni kwamba haitapokea tena Apple TV wala Chromecast ya Google, vifaa vya kutazamia filamu za mtandaoni kwenye televisheni, na kwamba zilizokwisha kuorodheshwa zingeondolewa kabla mwezi haujaisha. Sababu iliyotolewa ilikuwa fupi: vifaa hivyo havielewani vizuri na Prime Video, huduma ya filamu ya Amazon yenyewe, na kampuni haikutaka kuwachanganya wateja. Maelezo hayo yalikuwa na kasoro kubwa. Google ilikuwa imeshaweka wazi nyenzo zote anazohitaji mtengenezaji wa programu ili picha zake zirushwe kwenye Chromecast. Netflix walizitumia, na wengine wengi wakafuata. Ambaye hakuandika programu alikuwa Amazon. Yeye ndiye aliyelalamikia ugonjwa, na dawa alikuwa nayo mkononi.

Google ilijibu kwa njia ileile. Septemba 2017 iliiondoa YouTube kwenye Echo Show, spika ya Amazon yenye kioo. Desemba mwaka huohuo ikatangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2018 YouTube ingeondoka pia kwenye Fire TV, kifaa cha Amazon cha televisheni, na safari hii ilitaja sababu bila kuficha: Amazon haiuzi Chromecast, haiuzi Google Home, na haijaleta Prime Video kwa wenye Chromecast. Apple ilipata suluhu yake mapema kidogo, kwani Prime Video iliingia kwenye Apple TV Desemba 2017. Google na Amazon walipatana Aprili 2019, na Julai programu zikarudi. Katika miaka hiyo yote mtu aliyenunua kifaa kwa fedha zake, akalipia na huduma kwa fedha zake, alikosa programu ambayo ingeandikwa kwa muda mfupi sana. Kilichorekebishwa mwaka 2019 kilikuwa mkataba kati ya kampuni mbili. Vifaa vilikuwa vizima tangu mwanzo.

Ugomvi ule ulianika jambo ambalo kampuni hizi husita kulisema mbele ya wateja. Zinapoufungia muziki au filamu ndani ya vifaa vyao, zinafanya hesabu, na katika hesabu hiyo wimbo na filamu haviko kwenye safu ya bidhaa. Viko kwenye safu ya gharama za kuvutia wateja. Sehemu kubwa ya mapato ya Apple hutokana na simu. Amazon huuza uanachama na bidhaa za dukani, na Jeff Bezos, mkuu wake wa wakati huo, alilisema hilo waziwazi mwaka 2016: wakishinda tuzo ya Golden Globe, inawasaidia kuuza viatu zaidi. Google huuza matangazo. Kila mmoja wao anapoamua filamu ionekane wapi, anajiuliza ni kifaa gani, au uanachama gani, utauzika zaidi filamu ikiwa hapa na isiwe pale.

Hali hii naiita anguko. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, aliyenunua muziki alijua utapigika kwenye mashine yoyote atakayoikuta. Hakuna sheria iliyowahi kuiandika haki hiyo, na labda ndiyo maana imeweza kutoweka bila mjadala wa maana.

Mwanzoni mwa karne hiyo palikuwa na aliyejaribu kuizuia. Thomas Edison alitoa santuri zake za Diamond Disc mwaka 1912. Zilikuwa nene, karibu robo inchi, na mfereji wake ulichongwa ili sindano ipande na kushuka, ilhali santuri za kampuni ya Victor ziliifanya sindano iyumbe kushoto na kulia. Wengi waliozisikia walikubali kwamba sauti ya Edison ilikuwa safi zaidi. Lakini santuri yake haikupigika kwenye mashine ya Victor bila kiungo cha ziada, na Edison mwenyewe, mtu aliyekuwa na tatizo kubwa la kusikia, ndiye aliyeamua wanamuziki gani warekodiwe. Victor walikuwa na mwimbaji Enrico Caruso, na jina lake wakalitangaza kila mahali. Oktoba 1929 Edison akaachana na biashara ya santuri. Alikuwa ameuchukulia muziki kuwa kitu cha kujazia mashine, wakati wanunuzi walikuwa wakiwafuata waimbaji.

Baada ya hapo ulimwengu wa sauti ulitulia kwenye viwango vya pamoja, na kilichofika mbali kuliko vyote ni kaseti. Philips iliionyesha Berlin mwaka 1963, na muda si mrefu ikawaruhusu watengenezaji wengine kuitengeneza bila malipo mradi wafuate vipimo. Uamuzi huo ulibadilisha maisha ya muziki katika pwani yetu. Mbwana Radio Service ya Mombasa ilirekodi taarabu na kuiuza kwa kaseti, na kaseti iliyobebwa na msafiri hadi Muscat ilipigika kwenye redio kaseti ya huko, iwe Sony, National au Sanyo. Aliyeimba, aliyerekodi, aliyesafirisha na aliyesikiliza hawakuhitaji kibali cha mtengenezaji wa mashine. Sitaki kuzipamba zama hizo. Kaseti iliyopigika popote ilinakiliwa popote, na wasanii wa Afrika Mashariki waliibiwa kwa miaka mingi na wauza kaseti bandia bila kupata senti. Wizi huo ndio uliowapa wenye makufuli ya kidijiti hoja yao ya kwanza, na hoja yenyewe haikuwa ya uongo. Walichokifanya nayo baadaye ndicho kinachohitaji kuchunguzwa, na hapo hakuna pa kuchunguza pazuri kuliko Apple, kwa sababu kesi nyingi zimeziacha nyaraka zake za ndani wazi.

Duka la muziki la iTunes lilifunguliwa Aprili 2003 likiwa na nyimbo 200,000, kila moja kwa senti 99 za Marekani. Mwanzoni lilikuwa la wenye kompyuta za Mac pekee. Steve Jobs, mkuu wa Apple, alipinga kulipeleka kwenye Windows, hatimaye akakubali, na Oktoba mwaka huohuo iTunes ya Windows ikatoka. Wengi waliliona hilo kuwa ukarimu. Lakini tazama upande gani wa ukuta ulivunjwa: mwenye Windows aliruhusiwa kuingia ili anunue iPod. Upande wa pili ulibaki umefungwa. Nyimbo za duka hilo zilikuwa na kufuli lililoitwa FairPlay, na vichezeo vya kampuni shindani havikupewa ufunguo. Julai 2004 RealNetworks ilipobuni njia ya kuzifanya nyimbo za duka lake zipigike kwenye iPod, Apple iliilaumu kwamba imefuata mbinu na maadili ya wadukuzi. RealNetworks haikuwa imeiba wimbo wowote. Ilichotaka ni kuwauzia muziki halali watu waliokwisha kununua kifaa halali.

Februari 2007 Jobs aliandika barua ya wazi. Alisema iPod milioni 90 zimeuzwa, na nyimbo bilioni 2 zimenunuliwa dukani kwake, maana yake ni wastani wa nyimbo 22 kwa kila iPod, chini ya asilimia 3 ya muziki uliomo. Asilimia hizo chache, alisema, haziwezi kumfunga mtu asihame. Aliyeleta kufuli, kwa maelezo yake, ni kampuni nne kubwa za muziki, nazo zikikubali, Apple italiondoa mara moja. Mwaka huo EMI, mojawapo ya hizo nne, ilikubali, na kufikia 2009 nyimbo zote za duka hilo ziliuzwa bila kufuli. Nauheshimu ushindi ule. Kwa miaka michache mtu aliweza kununua wimbo kwa Apple na kuupiga kwenye simu ya Nokia.

Lakini ndani ya kampuni mambo yalikuwa yanaelekea kwingine. Oktoba 2010, akiandaa mkutano wa viongozi 100 wa kampuni yake, Jobs aliandika kwenye ajenda kwamba bidhaa zote zifungamanishwe ili wateja wazidi kufungiwa ndani ya mfumo wa Apple. Waraka huo ulijulikana mwaka 2014 katika kesi ya Apple na Samsung. Mwezi mmoja tu baada ya ajenda ile, Phil Schiller, mkuu wa masoko, alimwandikia bosi wake kuhusu tangazo la Kindle, huduma ya vitabu vya kidijiti ya Amazon, alilokuwa ameliona kwenye televisheni. Mwanamke anasoma kitabu kwenye iPhone, kisha anaendelea kukisoma kwenye simu ya Android. Schiller alisema mtazamaji hawezi kukosa kuuona ujumbe kwamba kuhama kutoka iPhone kwenda Android ni rahisi. Jibu la Jobs lilikuwa kwamba Amazon ilazimishwe kutumia mfumo wa malipo wa Apple kwa kila kitu. Mwaka uliofuata kitufe cha kununua vitabu kikatoweka kwenye programu ya Kindle ya iPhone.

Nazichukulia baruapepe hizo kuwa ushahidi mzito kuliko ripoti yoyote ya wachambuzi. Tangazo halikusema neno baya juu ya iPhone. Lilionyesha kwamba kitabu ni cha msomaji na kinamfuata aendako, basi. Hilo ndilo lililoitisha kampuni.

Barua ya 2007 ilikuwa imehusu mafaili. Muziki wa kutiririsha ulipoingia, faili halikuwapo tena mkononi mwa msikilizaji, na bila faili hakuna kitu cha kuhamisha. Kufuli likarudi bila mtu kulitangaza. Apple Music ilianza Juni 30, 2015, baada ya kampuni kuinunua Beats kwa dola bilioni 3, na Novemba mwaka huohuo ikawa imefika kwenye Android. Miezi minne na ushee, na sababu ya haraka hiyo ni rahisi: nyimbo za Apple Music zilikuwa zilezile za Spotify, na Spotify ilikuwa kila mahali. Huwezi kumfunga mtu kwa wimbo anaoupata kwa jirani.

Filamu ni habari nyingine, kwa sababu filamu huweza kuwa ya duka moja tu. Apple TV+ ilizinduliwa Novemba 1, 2019 kwa dola 4.99 kwa mwezi, na aliyenunua simu, kompyuta au tableti mpya ya Apple alipewa mwaka mzima bure. Huduma hiyo ilifika kwenye televisheni za Samsung, kwenye Roku na kwenye Fire TV mwaka huohuo. Kufikia mwaka 2021 ilikuwa imefika hata kwenye televisheni zinazotumia Android. Simu za Android hazikupata programu yake hadi Februari 2025. Msomaji autazame vizuri mpangilio huo. Wahandisi walikuwa tayari wameiandika kwa Android, walishaijaribu, na walishaipeleka sebuleni mwa watu. Kilichowazuia kuiweka kwenye simu hakikuwa msimbo wala usalama. Apple haitengenezi televisheni za ukutani, inatengeneza simu. Ukuta ulijengwa mahali ambapo kampuni ilikuwa na kitu cha kuuza, na pengine pote njia ikaachwa wazi.

Machi 2022 filamu ya CODA, iliyotolewa na Apple, ilishinda Oscar ya filamu bora, ya kwanza kwa huduma ya kutiririsha. Inahusu familia ya viziwi na binti yao anayesikia na kuimba. Usiku ule wa tuzo, sehemu kubwa ya wenye simu duniani, maana Android ndiyo iliyo kwenye simu nyingi, hawakuwa na programu ya kuitazamia filamu hiyo simuni, labda wapitie kwenye kivinjari. Siri ya kazi ya kampuni ya filamu ni kutamani kila jicho lione. Hapa kazi nzuri ilikuwa imenunuliwa kwa dola milioni 25 na mwenye duka ambaye faida yake ilitegemea wengine wasiione kwa urahisi.

Kisha hesabu ikabadilika. Mauzo ya iPhone yalifikia dola bilioni 205 katika mwaka wa fedha 2022, yakashuka hadi takriban bilioni 201 mwaka 2023, na mwaka 2024 yakabaki hapohapo. Mapato ya huduma yalipanda katika muda huo hadi bilioni 96. Mwaka 2025 jarida la biashara la The Information liliripoti kwamba Apple TV+ inapoteza zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Simu zikiacha kukua, huduma inatakiwa ijilipie yenyewe, na huduma inayojilipia haiwezi kumfukuza mwenye Android. Mlango ulifunguliwa baada ya chambo kuwa ghali kuliko samaki, na bei ikapandishwa hatua kwa hatua hadi dola 12.99 mwezi Agosti 2025.

Lazima niwape kampuni haki ya kusikilizwa, kwa sababu zipo sababu za kiufundi zisizo za kubuni. Simu za Android ni maelfu ya aina, na kuhakikisha programu moja inafanya kazi kwenye zote ni gharama ya kudumu. Studio za filamu nazo huweka masharti kwenye mikataba: picha ya ubora wa juu isionyeshwe mahali ambapo inaweza kunakiliwa. Google ina mfumo wa kulinda picha unaoitwa Widevine, wenye ngazi. Ngazi ya juu, L1, inataka ufunguo wa picha uhifadhiwe ndani ya sehemu salama ya prosesa, na mtengenezaji wa simu apitie uthibitisho. Simu nyingi za bei nafuu huja na ngazi ya chini, L3. Kwenye simu ya namna hiyo Netflix huonyesha picha ya kiwango cha kawaida tu, hata kama kioo kina uwezo wa zaidi, hata kama bando lipo na mtandao una kasi. Hili linawagusa watu wetu moja kwa moja. Mnunuzi wa simu ya bei ya chini pale Kariakoo au Luthuli Avenue haambiwi juu ya ngazi hizo, na boksi la simu kwa kawaida haliandiki. Atadhani mtandao ni mbovu. Hapo sheria ya kuzuia wizi imegeuka kuwa tofauti ya ubora kati ya mwenye nacho na asiye nacho.

Hata hivyo hoja ya gharama haiwezi kubeba uzito wote unaotwikwa. Spotify na Netflix, ambazo hazikujengwa juu ya biashara ya simu, zilikwenda kwenye kila kifaa tangu mapema, kwa fedha pungufu sana kuliko za Apple au Google. Asiyeuza kifaa huona faida ya kuwapo kila mahali. Sony ndiyo mfano wa kusikitisha zaidi wa kinyume chake. Ilikuwa na Walkman tangu 1979, ikainunua CBS Records mwaka 1988 na studio ya Columbia mwaka uliofuata, ikawa na kila kitu kilichohitajika ili imiliki muziki wa kidijiti. Badala yake ilivifungia vichezeo vyake kwenye mfumo wake wa ATRAC, vikakataa MP3 hadi karibu katikati ya muongo wa 2000, na duka lake la Connect likafungwa mwaka 2008. Kitengo cha muziki kiliogopa wizi, kitengo cha vifaa kikatii. Microsoft ilifanya vibaya zaidi. Mwaka 2004 iliwaahidi wateja, kwa nembo ya PlaysForSure, kwamba nyimbo zenye alama hiyo zitapigika kwa uhakika. Mwaka 2006 ikatoa kichezeo chake, Zune, ambacho hakikuzipiga. Mwaka 2008 ikatangaza kwamba itazima seva zilizokuwa zinatoa funguo za nyimbo zilizonunuliwa kwenye MSN Music. Wateja walipopiga kelele iliongeza muda, lakini jambo lilikuwa limeshafahamika: ulichonunua kinaishi kadiri muuzaji anavyotaka.

Sasa ukuta umehama kwa mara nyingine, na safari hii umekaa kwenye malipo. Apple hukata hadi asilimia 30 ya malipo ya usajili yanayopitia dukani kwake, na 15 baada ya mwaka wa kwanza. Kwa Apple Music makato hayo ni fedha ya kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, lakini Spotify, ilipoutumia mfumo huo, ilikuwa inatoa fedha halisi kwa mshindani wake. Netflix iliacha kuwatoza wateja wapya kupitia iPhone mwishoni mwa 2018. Spotify ilikwenda kwa Tume ya Ulaya Machi 2019, na Machi 2024 Tume ikaitoza Apple faini ya yuro bilioni 1.8 kwa kuwazuia washindani wa muziki wasiwaambie wateja kwamba kuna bei nafuu nje ya duka. Fikiria maana yake: kwa miaka, programu iliyoko mkononi mwako ilikatazwa kukueleza bei.

Na walioonja ubaya wa ukuta wanajifunza kujenga wao. Netflix, iliyoenea kwa sababu ya kuwa kila mahali, iliondoa uwezo wa kurusha picha kwa AirPlay ya Apple mwaka 2019, na mwishoni mwa 2025 ikazuia kurusha picha kutoka simu kwenda televisheni nyingi. Inataka mtazamaji afungue programu yake kwenye televisheni yenyewe, aingie kwa akaunti yake, aonekane. Machi 2025 Chromecast za toleo la pili, zilizouzwa kuanzia 2015, ziligoma ghafla kwa sababu cheti cha kidijiti kilichomo ndani yake kilikwisha muda. Google ilirekebisha baada ya siku kadhaa, lakini kifaa kizima, kisicho na ufa wala waya uliokatika, kilikuwa kimekufa sebuleni kwa tarehe iliyoandikwa kiwandani.

Afrika Mashariki iliufahamu ukuta wa namna hii kabla ya simu janja kuenea. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, Desemba 31, 2012, kila kampuni ilikuja na king'amuzi chake, na king'amuzi cha mmoja hakikufungua matangazo ya mwingine. Familia iliyotaka mpira huku na tamthilia kule iliweka viwili chini ya televisheni moja. Tulilizoea jambo hilo haraka mno. Nadhani mazoea hayo ndiyo yaliyotufanya tusishangae Showmax, ilipozinduliwa upya Februari 2024, kuuza kifurushi cha Ligi Kuu ya Uingereza cha kutazamwa kwenye simu tu, au Netflix, ilipowapa Wakenya huduma ya bure kuanzia Septemba 2021, kuiweka kwenye simu za Android pekee na kuifunga Novemba 2023.

Lakini Afrika ina mfano mwingine pia, na ningependa ufahamike zaidi. Boomplay ilianza mwaka 2015 ikiwa programu iliyowekwa ndani ya simu za Tecno, za kampuni ya Transsion ambayo pia hutengeneza Infinix na itel. Kwa hesabu ya Apple, huo ulikuwa mwanzo wa ukuta: muziki wa Afrika kama sababu ya kununua Tecno. Transsion ikachagua njia nyingine. Boomplay ilifunguliwa kwa simu yoyote ya Android, kisha iPhone, ikafanya mkataba na kampuni ya muziki ya Universal mwaka 2018 na kampuni nyingine kubwa baada ya hapo. Sababu, kwa ninavyoona, iko sokoni. Mnunuzi wa simu ya bei nafuu hubadilisha aina ya simu kila anapopata nyingine yenye betri nzuri, na faida ya simu moja ni ndogo mno kiasi kwamba hailipi kuilinda kwa wimbo. Msanii wa Bongo Fleva alipata jukwaa linalopatikana kwenye simu ya kila shabiki, hata kama malipo kwa kila mara wimbo unaposikilizwa bado ni kidogo. Huduma iliyozaliwa ndani ya kifaa iliweza kutoka, na kifaa hakikufa.

Kwa hiyo ukuta si jambo lisiloepukika, na Marekani yenyewe iliwahi kuuvunja. Mei 1948, katika kesi dhidi ya Paramount, Mahakama ya Juu iliamua kwamba studio kubwa za Hollywood zilikuwa zimekiuka sheria za ushindani kwa kumiliki kumbi za sinema na kuzibagua nyingine, na studio zikalazimika kuziuza. Agosti 2020 jaji wa New York alizifuta amri hizo, zikiwa na umri wa miaka zaidi ya 70. Hazikuwahi kuwahusu Apple wala Amazon, lakini muda wake unauma: Machi 2022 Amazon ilikamilisha kuinunua studio ya MGM kwa dola bilioni 8.5. Mwenye kifaa, mwenye duka na mwenye studio wakawa mtu mmoja, na kumbi za leo ni milioni nyingi, ziko mifukoni mwa watu.

Ulaya imejibu kwa sheria ya masoko ya kidijiti iliyoanza kutumika kikamilifu Machi 2024, na jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa California aliiamuru Apple, Aprili 30, 2025, iache kutoza makato kwa ununuzi unaofanywa nje ya duka lake. Ndani ya wiki chache programu ya Kindle ya iPhone ilipata tena kitufe cha kukipata kitabu. Apple ilitekeleza kila amri ndani ya mipaka yake tu: ya Ulaya kwa nchi 27 za Umoja wa Ulaya, ya California kwa duka la Marekani. Mwenye iPhone ileile jijini Mwanza, Kisumu au Bujumbura hakupata kitufe hicho kwa amri ya yeyote.

Kwetu, chombo kinachofaa kulibeba jambo hili kipo Arusha: Mamlaka ya Ushindani ya Afrika Mashariki, iliyotokana na sheria ya jumuiya ya mwaka 2006. Soko la COMESA lina tume yake, lakini Tanzania haimo humo, na tume ya nchi moja haiwezi kuizungumzisha Apple au Google ikasikilizwa. Mambo ya kuanza nayo ni ya kawaida kabisa. Kila simu inayouzwa iandikwe kwenye boksi ubora wa picha itakaoruhusiwa kuonyesha. Huduma inayouzwa hapa isizuiwe kumwambia mteja bei yake ya nje ya duka. Na anayemuuzia mtu wimbo au filamu, akitumia neno kununua, aeleze kabla ya malipo itakuwaje siku seva itakapozimwa.